Mama Haiamini Tena Sauti Yako

Nabuyonga,
Mbale.
11 Juni 2025

Mpendwa mdogo wangu Wanyama,

Nakusalimu kwanza, maana kwetu hata mtu unayetaka kumchapa unamsalimia. Hujambo? Wifi yangu Juliet hajambo? Na Douglas, meno ya mbele yameota au bado anacheka kama kizee? Nilisikia upepo wa ziwa hapo Wanyange ulikushika kifua. Natumaini umepona, kwa sababu utahitaji pumzi ya kuisoma barua hii mpaka mwisho.

Sisi huku tunaendelea. Shemeji yako Ojwang amerudi kutoka Malaba na maumivu yake yaleyale ya mgongo. Yeye anasema ni barabara, mimi nasema ni uzee. Mvua imekuwa nzuri na maharage yamekubali. Watoto wako shuleni. Mimi ni mzima ila presha imepanda, na aliyeipandisha ni wewe.

Mama ni mzima wa mwili. Habari zake nyingine ndizo zilizonikalisha hapa na kalamu.

Utashangaa kupata karatasi katika siku hizi. Simu yako ya zamani iko kwa mwizi, na hii mpya siijui umeifunga kwa namba gani, na tafadhali usiniambie. Halafu nikikupigia na kupandisha sauti kidogo tu, unasema mtandao unakatika. Karatasi haikatiki. Naandika Kiswahili kwa kuwa nyumba yangu ni ya Mkenya na kazi yako ya magereza ni ya Kiswahili, na pia kwa sababu nikianza kukugombeza kwa Kimasaba sitamaliza leo.

Anayekuletea ni Kirunda, dereva wa lori la vitunguu ninayefanya naye biashara. Nimemwambia asiiache getini kwa mtu yeyote, hata mtu huyo aape kwamba mmenyonya ziwa moja. Akuone uso, akupe mkononi.

Wanyama, wewe mambo haya unayajua nusunusu, tena ile nusu unayoipenda. Sasa soma yote.

Asubuhi ile Mama alikuwa Wanale, kwenye kahawa yake, anapalilia. Simu ikalia katika fundo la leso. Akaitazama, akaona picha yako ya sare, ile uliyomwekea ili akujue bila kusoma jina. Akafurahi. Alipoipokea akasema kama anavyosema siku zote, mwanangu, umekula?

Aliyejibu hakuwa wewe. Ilikuwa sauti ya mwanamume, nzito, na ilizungumza Kiswahili.

"Mama, wewe iko peke yako?"

"Ndiyo, afande," Mama akajibu. Hakuambiwa kwamba ni afande. Alikijua Kiswahili kile.

"Toto yako iko ndani. Mfungwa imekimbia kwa mkono yake. Usiambie mutu."

Mengine alinisimulia vipande vipande. Mtu yule alimwambia kwamba umeshikwa, kwamba wakubwa hawajajua bado, na kwamba jambo likifika Kampala hutaonekana tena. Alikutaja jina la nyumbani, Wanyama wa Nakato, yaani wa Mama, lile ambalo hata Juliet halijui. Alijua kwamba una kifua kibovu. Akasema unakohoa huko ndani, unamlilia mama yako. Kisha akamwambia simu italeta maandishi, na maandishi yakija aweke namba ya siri.

Mama hakuweka. Nataka ujue kwamba hakuweka upesi. Watu wengi wenye shahada zao wangeweka papo hapo. Ndipo yule mshenzi akamwambia:

"Wewe weka tu ile mwaka toto yako ilisimama kwa kisu."

Hapo Mama akaweka. Pesa zote za kahawa ya msimu uliopita zikaenda. Lakini hata sizungumzii pesa, Wanyama. Pesa za kahawa zitarudi na kahawa. Nazungumzia kile alichokielewa Mama pale shambani aliposikia maneno yale. Alielewa kwamba umepigwa mpaka ukautaja mwaka wako wa imbalu, wa kutahiriwa. Kwa sababu nani mwingine angemwambia afande jambo hilo?

Nitakuambia ni nani. Ni wewe, ukiwa mzima, umesimama, huna hata kofi moja shavuni.

Kioo cha simu kilipasuka, ukaipeleka kwa kijana wa kibanda huko Jinja. Hukutoa laini. Hukufuta kitu. Alipokuuliza namba ya kufungulia simu ili ajaribu kioo kipya, ukamtajia, akaiandika kwenye kipande cha plasta na kukibandika mgongoni mwa simu, na wewe ukamuaga ukaenda zako. Haya umeniambia mwenyewe, tena kwa sauti ya mtu anayesimulia habari za mvua. Ulisema kila mtu anafanya hivyo. Ni kweli, kila mtu anafanya hivyo, na ndiyo maana vijana wa namna ile wanakula nyama kila siku.

Ninachoshindwa kukielewa ni kazi yako. Wewe ndiye unayesimama getini kwa wafungwa. Mama mzee akileta uji unauchungulia. Unavua watu viatu, unabinya sabuni, unakata mkate katikati. Simu zao unazichukua zote kabla hawajavuka mlango, kwa sababu mlifundishwa kwamba simu moja ndani ya gereza inaweza kufanya kazi ya bunduki. Ulinieleza hayo Krismasi, kifua mbele, nikajivunia kuwa na ndugu mwenye akili. Kumbe akili hiyo ni ya serikali, unaivua pamoja na sare.

Na ule mwaka. Hapo ndipo hasira inanipanda mpaka kalamu inatoboa karatasi.

Ulipomnunulia Mama simu ulikaa naye chini ukamwekea namba ya siri, mwaka wako wa kusimama, 2012. Ulisema hatausahau. Hakika hatausahau, ni nani angeusahau? Ulizunguka kwa wajomba ukiwa umepakwa unga kichwa kizima. Kijiji kizima kilikufuata kwa ngoma tangu Wanale hadi Nabuyonga na kurudi. Walipokukata hukupepesa jicho, na Mama akapiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Wote waliokuwepo wanaujua mwaka huo. Wenzako mliotahiriwa pamoja wana jina lake, mnaitana kwa jina hilo hata barabarani, mnapiga kelele. Namba ya siri gani hiyo ambayo kijiji kizima kiliichezea ngoma?

Tena siyo wewe peke yako. Nimefanya uchunguzi wangu mdogo. Mjomba Eriya, mwaka wake. Binamu zetu wote, miaka yao. Wanaume wa Bugisu ukitaka kuwaibia huna haja ya uganga, unamuuliza mtu kwa adabu, baba, ulisimama mwaka gani? Atakuambia kwa furaha na atakuongezea hadithi. Na kama anaona haya kusema, unajua angalau ni mwaka unaogawanyika kwa mbili, maana mwaka mwingine hatutahiri, kwa hiyo kazi imepungua nusu. Nimewatangazia wote wabadilishe. Mjomba Eriya alinijibu kwamba mwanamume haukani mwaka wake. Nikamwambia hakuna anayemtaka aukane, akae nao kifuani, kwenye simu aweke kitu kingine.

Wewe ulizidi wote. Mwaka wa kufungulia simu yako ulikuwa huohuo. Kwa hiyo siku ulipomtajia fundi namba yako, ulimpa na ya Mama. Na kama angekuwa mvivu wa kufikiri, sauti yako mwenyewe ilikuwemo mle ndani ikimsaidia. Unakumbuka Mama alipokuwa na homa, nikauliza kwenye kundi letu la WhatsApp namba yake ili nimtolee pesa za dawa? Badala ya kunipigia, ulituma ujumbe wa sauti kwa Kiswahili ili na Ojwang asikie. Ukasema ni ule mwaka wangu, dada, kila mtu anaujua. Ukacheka. Ujumbe ule ulikaa pale. Kitambulisho cha Mama cha taifa pia kilikaa pale, mbele na nyuma, tangu siku ya kusajili laini. Picha za Mama, picha za nyumba, sauti zetu tukiulizana kifua chako kinaendeleaje. Yule kijana alikaa na familia yetu nzima mapajani, akaisikiliza akinywa soda.

Juzi nimemuota. Sikumwona uso, nilimwona akicheka mahali tulipocheka sisi. Niliamka nikiwa nimeuma mdomo.

Sasa nikueleze nilivyojua, maana hapa hukuwepo.

Mama aliteremka kutoka Wanale kwa miguu, akaja kwangu na kikapu. Ndani kulikuwa na ndizi na malewa, yale machipukizi ya mianzi, aliyoyapika kwa simsim, yamefungwa kwenye majani, bado ya moto. Akaniuliza Ojwang anasafiri lini kwenda upande wa Jinja. Nikamwambia kesho. Akasema vizuri, nataka ampelekee Wanyama chakula, ila asipite getini, atafute askari mwenye huruma. Nikafikiri anatania. Ndipo akaniambia kwamba umefungwa.

Nikakupigia. Simu yako imezimwa. Nikapiga tena, na tena. Wanyama, kwa muda ule mimi pia niliamini. Mimi Topista, mwenye mdomo, ninayewafukuza matapeli wa sokoni kwa matusi tu, niliamini kwamba ndugu yangu yuko kwenye selo akikohoa. Nilikaa sakafuni. Hilo sijakuambia kabla na sikuambii ili unionee huruma. Halafu nikampata Juliet, naye akasema, wifi, mbona unalia, Wanyama yuko kazini, simu yake iko kwa fundi.

Ulipopiga kwa simu ya mwenzako, nilikueleza. Kitu cha kwanza ulichofanya ulicheka. Kidogo, puani, lakini nilisikia. Cha pili ulisema, Mama naye, hakuuliza?

Swali hilo ndilo lililonifanya nitafute kalamu. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Wewe ulizaliwa nchi imetulia, Kiswahili kwako ni mshahara na utani wa kambini. Hukukaa na Mama jikoni kama mimi, ukamsikiliza. Mama alikuwa msichana askari walipopanda Wanale enzi zile jeshi likitawala. Walimchukua babu na jirani yake pamoja. Walichosema walikisema kwa Kiswahili, na nyumba nzima ile hapakuwa na aliyeijua lugha hiyo isipokuwa neno afande. Bibi hakuuliza. Alifungua zizi, akawapa kamba mkononi, ng'ombe wakaenda, na babu akarudi. Mke wa jirani aliuliza. Alitaka kujua kosa ni lipi, na karatasi ya kumkamata iko wapi. Mume wake hakurudi, na kaburi lake hakuna anayelijua.

Basi Mama alichofanya pale shambani siyo ujinga. Ni mafunzo. Alifundishwa kwamba Kiswahili kikikuita kwa sauti ile, unatoa upesi na huulizi, na mtu wako anarudi. Yule mwizi hakuyajua haya, au labda aliyajua, sijui lipi ni baya zaidi. Na wewe unayevaa sare na kuitwa afande kila siku hukuwahi kumwambia mama yako kwamba siku hizi hakuna afande anayeomba pesa kwa simu. Ulimnunulia simu ukamwekea picha yako. Ukaona umemaliza.

Tulijitahidi. Rehemah, jirani yangu mwenye kibanda cha pesa za simu, alifunga kibanda chake wateja wakiwa wamepanga mstari, akakaa na mimi kuwapigia watu wa kampuni. Laini ya Mama ikafungwa kwa muda, na ya kwako pia kupitia Juliet. Lakini pesa zilikuwa zimeshatolewa mahali, na laini iliyozipokea imesajiliwa kwa jina la marehemu. Rehemah akambadilishia Mama namba ya siri, akageuka ukutani wakati Mama anaibonyeza, na mimi akanitoa nje. Alisema hata binti asijue. Nilikasirika kidogo, kisha nikaona yeye ndiye mwenye akili kati yetu wote.

Kituoni nako tulikwenda. Askari wa mezani alikuwa kijana mpole, ila akatusalimia kwa Kiswahili. Mama akasimama wima, mikono mbavuni, akakataa kusema neno lolote. Ilibidi yule kijana avue kofia, azunguke meza, akae benchi moja naye na kumwita mama kwa Kimasaba ndipo akazungumza. Maelezo yameandikwa. Wanasema watamtafuta fundi, lakini unajua mwenyewe kibanda chake sasa kinauza chapati.

Haya yote ungeweza kusema yamepita, maji yakimwagika hayazoleki. Hayajapita. Ndipo nafika kwenye jambo lenyewe.

Uliponunua simu nyingine ukampigia Mama. Uliniambia alikutukana ukashindwa hata kumalizia salamu. Alikuambia, "Wewe mwizi. Rudisha toto yangu." Kwa Kiswahili, maneno machache aliyonayo, mama aliyekuzaa. Ulilia, Juliet ameniambia, na nilipoambiwa nililia na mimi. Lakini baadaye ukanituma nimpeleke hospitali akapimwe akili. Wanyama, akili ya Mama iko sawasawa. Ni yeye peke yake kati yetu aliyejifunza kwamba picha yako ikitokea kwenye simu si lazima uwe wewe.

Ukatuma picha, umesimama kazini unatabasamu. Mama akaitazama sana, akasema ni ya zamani, na kwamba wale wanazo nyingi. Amekosea wapi? Tukafanya ile simu ya kuonana uso. Alikuona, alikusikia ukimwita. Akanirudishia simu akasema, umeona alivyokonda? Afande amesimama nyuma yake anamwambia la kusema. Na mimi nikimwambia nimezungumza nawe, uko salama, ananishika mkono na kusema, wewe ni mwanangu, utaniambia nini kingine?

Nikataka kumleta Jinja akuone. Hataki kabisa. Anasema enzi zile waliofuata watu wao kambini ndio waliowaharakishia kifo. Anayetaka mtu wake arudi, anasema, hutuma kitu na kungoja nyumbani.

Na hapo ndipo penyewe. Anangoja, na wewe hurudi. Alitoa, na mtu wake hakuonekana mlangoni kama babu alivyoonekana. Kwa hiyo amefikiri mwenyewe, akaona kwamba alichotoa hakikutosha.

Jumapili iliyopita mzee Muhamad, yule anayenunua kahawa yetu, alikuja kwenye meza yangu sokoni. Akasema, Topista, kaa chini. Mama amemwomba anunue shamba la chini ya nyumba. Lote, pamoja na mibuni aliyoipanda baba na mahali alipolazwa. Amemwambia ni jambo la haraka na asimwambie mtu. Mzee wa watu hakukataa, kwa kuogopa kwamba akikataa Mama atakwenda kwa mwingine asiyetujua. Amemwambia anakusanya pesa, amngojee mpaka Jumapili hii. Baada ya hapo hawezi tena kumdanganya mtu mzima, na kuna mnunuzi mwingine ambaye ameshaanza kuja kupima kwa macho.

Nimejaribu kumwambia Mama kwamba hata akiuza, hakuna wa kumpelekea pesa. Anasema watapiga. Anayo simu mkononi, Wanyama, imechajiwa, anangoja mwizi ampigie. Simu zako hazipokei, anangoja ya yule.

Nilikuambia yote haya Jumatatu, ukanijibu kuhusu ruhusa. Kwamba mkubwa wako hajasaini, kwamba mko wachache, kwamba mwisho wa mwezi utaangalia. Ukaniomba nizidi kumweleza Mama taratibu. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Mimi nimemaliza maneno. Ningekuja kukuburuta kwa ukosi mbele ya wafungwa wako, lakini nikiondoka nani atamzuia Mama?

Mwonyeshe mkubwa wako barua hii. Mwambie una mama anayeamini kwamba umefungwa, na hakuna shahidi anayeweza kumtolea ushahidi isipokuwa mwili wako. Kama ana mama ataelewa. Kama haelewi, njoo na uadhibiwe baadaye. Ulisimama mbele ya kisu bila kupepesa, utasimama mbele ya mkubwa wako.

Usipige simu kusema uko njiani. Usitume ujumbe, usitume picha ya stendi. Uje kwa nguo za nyumbani, si sare, tafadhali, na usije na mwenzako yeyote. Ukipanda Wanale usimsalimie mtu kwa Kiswahili. Ukae na Mama, ule, ulale, akuone ukiamka. Kabla ya hayo, toa vitambulisho vya watu kwenye simu yako, futa sauti zako za kuchekacheka, na namba utakayoweka isiwe imbalu, isiwe mwaka aliozaliwa Douglas, isiwe kitu chochote ambacho mtu anaweza kukipigia kigelegele. Ikiharibika tena, toa laini na usimame hapohapo mpaka fundi amalize. Ukichoka kusimama mkumbuke Mama alivyosimama pale kituoni.

Nimekuwa mkali, najua. Sikuombi msamaha kwa hilo. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mimi nimeuona uchungu huo kwa macho wiki nzima wakati wewe unausikia kwa simu.

Nisalimie Juliet, mwambie namshukuru kwa kupokea simu siku ile, bila yeye ningekuwa nimekufa na presha. Mbusu Douglas. Shemeji yako Ojwang anakusalimu, na anasema malewa yale aliyala yeye, usimdai. Mjomba Eriya anakusalimu na bado hajabadilisha. Rehemah na mzee Muhamad wanakungoja.

Mungu wa baba yetu akuongoze njiani, akufikishe na miguu yako miwili.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata nikiwa nimekunja ngumi,

Topista

Sijafunga bahasha. Mama ameingia sasa hivi akitoka kanisani kwenye maombi ya katikati ya wiki, akanikuta na karatasi. Akaniuliza namwandikia nani, nikasema wewe. Akakaa karibu yangu. Akaniuliza kama barua za wafungwa husomwa kwanza na afande. Akaniomba nisiandike neno lolote kali humu, wasije wakakupiga. Nikamwambia nimeandika salamu tu.